Herufi K, kutoka Kilibula hadi Gatumba

Anwani ya mkazi wa Kilibula, mjini Uvira, mashariki ya Kongo, inapoandikwa kwenye karatasi ya serikali hupangwa kwa vifupisho. Inatangulia C na mkwaju wake, maana yake komini. Inafuata Q na mkwaju wake, maana yake kartye. Ndipo linapokuja jina lenyewe: Kilibula. C, Q, K. Herufi tatu zimesimama kwenye mstari mmoja, na mdomo wa msomaji unazitamka zote tatu kwa sauti ileile moja, bila kujikwaa na bila kushangaa.

Anayestahili kushangaa ni mtoto wa shule. Mwalimu wa Kiswahili amemwambia kwamba sauti hiyo huandikwa kwa K, basi. Mwalimu wa Kifaransa anamwambia saa inayofuata kwamba huandikwa kwa C katika neno la ramani, kwa QU katika neno la nne, na kwa K katika neno la kilo. Mtoto anakariri, anakosea, anarekebishwa, anakua. Hakuna anayemweleza kwamba fujo hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 2,500 na kwamba haikuanzia Ufaransa.

Ilianzia Italia, kwa Waetruski, watu walioishi kaskazini ya Roma kabla Roma haijawa chochote. Waetruski walipokea alfabeti yao kutoka kwa Wagiriki, na walikuwa na desturi ya kuchagua herufi kwa kuangalia irabu inayofuata. Mbele ya A waliandika K. Mbele ya E na I waliandika C. Mbele ya U waliandika Q. Sauti ilikuwa moja, lakini jirani ndiye aliyeamua ivae nguo gani. Warumi waliirithi desturi hiyo, kisha wakaichoka. C ikachukua karibu kazi yote, Q ikabaki na U yake, na K ikasukumwa pembeni, ikabakiziwa maneno machache kama Kalendae, siku ya kwanza ya mwezi, ambalo ndilo mzazi wa neno kalenda. Kifaransa ni mtoto wa Kilatini, ndiyo maana hadi leo sehemu ya K katika kamusi ya Kifaransa ni nyembamba na imejaa wageni: kepi, kioski, kilo.

Ukiipeleka herufi hiyo Uvira, mambo yanapinduka. Msafiri anayeingia kutoka Burundi anapita Kavimvira, penye ofisi za mpaka. Akielekea kusini kandokando ya ziwa Tanganyika atakutana na Kimanga, Kasenga, Kakombe, Kibondwe, Kabindula, Kilibula na, mbele kabisa, Kalundu penye bandari. Njiani atakuwa amevuka mto Kalimabenge. Kweli, zipo Mulongwe, Nyamianda, Rombe, Rugenge na Songo, lakini hizo ni kama wageni waalikwa katika sherehe ya K. Bonde la Ruzizi nalo lina Kiliba ya kiwanda cha sukari, na Kamanyola, mji mdogo ambao mapigano ya mwaka 1964 yaliufanya kipenzi cha Mobutu, hata jina lake likapewa uwanja mkubwa wa michezo wa Kinshasa, ule ambao tangu 1997 unaitwa Uwanja wa Mashahidi. Ziwani ni vilevile. Meli ya Liemba, iliyoundwa na Wajerumani na kuteremshwa majini Kigoma mwaka 1915, kwa miongo mingi ilitia nanga Karema, Kabwe, Kirando, Kipili na Kasanga. Upande wa Kongo ipo Kalemie, iliyokuwa Albertville.

Hiyo ya Kalemie ina hadithi yake. Miaka ya 1960, Wakongo walipoanza kufuta majina ya kikoloni, K ndiyo iliyoingia kwa wingi: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Luluabourg ikawa Kananga. Nchi yenyewe, hata hivyo, ilibaki na C. Wareno walioufikia mdomo wa mto karne ya 15 waliliandika jina la ufalme wa Kongo kwa tahajia yao, Congo, na kila aliyewafuata akanakili. Kiswahili hakikunakili; huandika Kongo kama kinavyosikia. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba serikali yenyewe sasa inatumia zote mbili. Katiba ya mwaka 2006, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inaita nchi kwa C lakini jimbo la magharibi, lililokuwa likiitwa Bas-Congo, inaliita Kongo Central, kwa K. Afisa anayejaza fomu za jimbo hilo anaandika jina moja kwa namna mbili katika ukurasa mmoja, na yuko sahihi mara zote mbili.

Vijana wamekwisha kuchagua upande. Ujumbe wa simu wa Kifaransa, Uvira kama Paris, umeitupa QU jalalani: "quoi" imekuwa koi, "qui" imekuwa ki, "quand" imekuwa kan, na salamu ya kuuliza kuna jipya gani huandikwa koi 2 9. Walimu wanalalamika kwamba huko ni kuharibu lugha. Mtu akitazama bila hasira ataona kwamba kijana wa Uvira anakiandika Kifaransa kwa kanuni za Kiswahili: sauti moja, herufi moja. Kiswahili chenyewe hakisalimiki, maana kaka amefupishwa kuwa kk na kama imekuwa kma.

Lakini habari kubwa ya K haiko kwenye simu wala kwenye katiba. Iko mpakani, pale Kavimvira.

Upande wa pili wa mpaka, kabla hujafika Bujumbura, unaingia Gatumba. Msikilizaji makini ataona kwamba K ya Kongo imegeuka G. Anaweza kudhani Warundi wanapenda G kama Wavira wanavyopenda K, lakini akifika jijini dhana hiyo inavunjika mara moja, kwa sababu Bujumbura ina Kamenge, Kinama, Kanyosha, Kinindo, Kigobe, Kabondo na Kiriri. Papo hapo ina Gihosha, Gikungu na Gasenyi. K zipo, G zipo, zimechanganyika mtaa kwa mtaa. Nani anazigawa?

Jirani, kama kwa Waetruski, ila safari hii ni konsonanti. Weka kidole kooni utamke b, d, g, z, m, n: koo linatetemeka. Wanaisimu huziita sauti ghuna. Sasa tamka p, t, k, s, f, h: koo limetulia. Hizo ni sighuna, na K yenyewe ni mojawapo. Katika Kirundi, K ya kiambishi haikubali kutangulia sauti sighuna nyingine. Ikiona inafuatwa na ndugu yake wa aina hiyo, inajigeuza G. Ikifuatwa na sauti ghuna, inabaki ilivyo. Basi pitia orodha upya. Kamenge inafuatwa na m, Kinama na n, Kigobe na g, Kabondo na b, Kiriri na r: K imetulia. Gihosha inafuatwa na h, Gikungu na k, Gasenyi na s, Gatumba na t: K imekimbia.

Kanuni hii huitwa Sheria ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmisionari Mjerumani aliyefanya kazi kwa Wanyamwezi, katika Tanzania ya leo. Yeye ndiye aliyeona tabia ya namna hii katika Kinyamwezi, na Carl Meinhof, mwanaisimu mashuhuri wa lugha za Kibantu, akaipa jina lake mwanzoni mwa karne ya 20. Ni sifa ya ajabu kidogo kwa Dahl, maana watu waliokuwa wakiitii sheria hiyo kila siku, bila kuivunja hata wakilala, walikuwa na karne nyingi nayo.

Ukiijua, ramani ya eneo zima inasomeka upya. Rwanda ya zamani ilikuwa na mikoa ya Kigali, Kibuye na Kibungo, yenye g na b baada ya kiambishi. Na mikoa ya Gitarama, Gikongoro na Gisenyi, yenye t, k na s. Hakuna hata mmoja uliokosea zamu. Majina ya lugha ni hivyohivyo: Mrundi husema Ikirundi na Ikinyarwanda, lakini husema Igiswahili na Igifaransa. Kitabu cha Uvira ni igitabu Bujumbura. Kitanda ni igitanda. Kusoma ni gusoma, ila kwenda ni kugenda, kwa K. Gitega, ambayo tangu 2019 ni mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, katika maandishi ya kikoloni iliandikwa Kitega, na Gisenyi ya Rwanda iliandikwa Kisenyi, pengine kwa sababu maofisa wa Kijerumani walikuwa na makarani na wakalimani Waswahili, na sikio la Mswahili linasikia K hata pale isipokuwapo.

Kenya nayo imo. Lugha ambayo Waswahili wanaiita Kikuyu, wenyewe wanaiita Gĩkũyũ, kwa kuwa kiambishi kinafuatwa na k. Katika kaunti ya Murang'a zipo Kangema na Kandara, na ipo Gatanga. Katika Kiambu, ambayo K yake imesalimika, zipo Gatundu na Githunguri. Mkulima wa Murang'a na mvuvi wa Gatumba hawajawahi kukaa kikao kimoja, na lugha zao zimetengana muda mrefu mno hata hawaelewani, lakini K inawakimbia katika maneno yaleyale. Kusoma kwa Mrundi ni gusoma. Kwa Mkikuyu ni gũthoma.

Sasa rudi Uvira utazame Kasenga na Kakombe. Ya kwanza ina s, ya pili ina k. Kwa sheria ya ng'ambo zingepaswa kuwa Gasenga na Gakombe. Hazikuwa. Wafuliiru, wanaokaa kwenye miinuko na bonde la Ruzizi juu ya mji, huiita lugha yao Kifuliiru, K kabla ya f, kitu ambacho ulimi wa Kirundi usingekikubali. Hii ndiyo sababu K ya Uvira ina uzito kuliko inavyoonekana. Kati ya Kasenga na Gatumba ni safari fupi ya teksi, watu wanavuka kila siku na mafuta, samaki, vitenge na madeni, wanaoana, wanazikana. Hata hivyo mpaka wa Sheria ya Dahl umekaa palepale, bila askari na bila muhuri. Wakoloni hawakuuchora huo. 

Kuna jirani mwingine anayeisumbua K, naye ni irabu I. Ulimi ukijiandaa kutamka I husogea mbele ya mdomo, na K inayotamkwa nyuma huvutwa nao. Mzee Cicero wa Roma, enzi zake, aliitwa kwa K mbili: Kikero. Waitalia leo humwita kwa ch mbili, Wafaransa kwa s mbili. Ndani ya Kongo mvutano huo umeigawa nchi. Katanga wana Kiluba. Kasai wana Tshiluba, lugha nyingine yenye kiambishi kilekile kilicholainika, ikaandikwa kwa herufi tatu, tsh, ilhali sauti ni ch tupu. Ndiyo asili ya tahajia ya jina la mji wa Tshikapa. Wabemba wa Kongo na Zambia nao husema Chibemba, na Wanyanja husema Chinyanja.

Kiswahili cha pwani kimelainisha nusu nusu. Ki- ikikutana na irabu mara nyingi inakuwa ch-: kiti changu, chakula, chombo. Ikikutana na konsonanti inakaa: kisu, kikombe. Mashariki ya Kongo wengi hawakufuata hata nusu hiyo. Bukavu utasikia kya mahali pa cha, na bya mahali pa vya. Chakula kingi ni byakula. Uvira, kwa kuwa ziwa limeiunganisha na Kigoma na Ujiji tangu enzi za misafara, Kiswahili chake kiko karibu zaidi na cha Tanzania, na wenyeji hawachoki kuwakumbusha ndugu zao wa Bukavu jambo hilo.

Kinachowaunganisha Wakongo wote wa mashariki ni ka-. Kwa Kiswahili sanifu mtoto mdogo ni kitoto na nyumba ndogo ni kijumba. Uvira ni katoto na kanyumba, na wakiwa wengi ni tutoto na tunyumba. Wasanifu wa lugha wamekikunjia uso kiambishi hicho, lakini hata Dar es Salaam kimejaa mitaani. Kinafaa kuliko ki- kwa sababu ki- imelemewa na kazi: inataja lugha, vyombo, namna ya kufanya jambo, na kwa bahati mbaya inataja pia watu ambao jamii iliwapunguzia hadhi. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: wote waliondolewa kwenye safu ya M ya mtu na kupangwa pamoja na kiti na kijiko. Ndiyo sababu vyama vya watu wenye ulemavu vimepigania maneno mapya, asiyeona, asiyesikia, mtu mwenye ulemavu. Ni mapambano juu ya silabi moja, na wana haki kabisa.

Ka- ya Kongo nayo iliwahi kubeba mzigo mzito. Oktoba 1996, waasi wa muungano wa AFDL walitia saini makubaliano yao Lemera, katika territwari ya Uvira, na siku hizohizo mji wa Uvira ukaanguka mikononi mwao. Safari ya Laurent-Désiré Kabila hadi Kinshasa ilichukua miezi saba tu. Katika safu zake walikuwamo watoto wenye bunduki, na jina lao likawa kadogo. Neno la nyumbani, la kumbembeleza mtoto asiyetaka kula, likaingia katika magazeti ya Ulaya na ripoti za Umoja wa Mataifa bila kutafsiriwa. Watu walilisahau hata asili yake: badala ya tudogo, wingi wake ukawa bakadogo, kama kwamba ka- si kiambishi tena bali ni sehemu ya mwili wa neno. Nairobi, neno hilohilo lina maisha mengine, ya amani na ya dukani. Huko uchumi wa kadogo ni ule wa kununua mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kikombe na sabuni kwa kipande.

Ziwani, K inatambulika kwa harufu. Samaki aina ya mikeke wakichomwa jioni Kalundu, hakuna anayehitaji kamusi. Kuhe, samaki mwenye mwili mkubwa kuliko karibu wote wa jamii yake duniani, ana K pia. Ndagala hana, lakini ukishuka na ziwa hadi Mpulungu, Zambia, ndagala huyohuyo anaitwa kapenta, na kwa jina hilo alichukuliwa miaka ya 1960 kwenda kupandikizwa katika bwawa la Kariba. Ndugu yake aliyepelekwa ziwa Kivu muongo mmoja kabla aliacha K njiani, akaitwa sambaza. Wataalamu wa viumbe, kwa upande wao, hawakuwa na huruma. Kilatini chao kina aibu na K kama kile cha Warumi, kwa hiyo aina moja ya ndagala iliandikishwa kama Stolothrissa tanganicae: ziwa la Tanganyika limenyang'anywa K yake na kupewa C.

Katika vipimo, k ndogo na K kubwa ni watu wawili tofauti. Ndogo ni elfu, kutoka neno la Kigiriki lililoingizwa katika vipimo na Wafaransa mwaka 1795. Ndiyo inayofanya gramu iwe kilo, na ndiyo inayowafanya vijana waandike 5k wakimaanisha elfu tano. Kubwa ni kelvini, kipimo cha joto. Kwa hiyo vibao vya sokoni vinavyoandika KG kwa herufi kubwa vina kosa la kisayansi, ingawa hakuna mteja aliyewahi kurudisha maharagwe kwa sababu hiyo. Ipo pia vitamini K. Mdenmaki Henrik Dam aliyeigundua aliipa herufi hiyo kutokana na neno la Kijerumani la kuganda, Koagulation, na mwaka 1943 akapata tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Edward Doisy. Watoto wachanga hudungwa sindano yake saa chache baada ya kuzaliwa ili wasivuje damu ndani ya mwili.

Na ipo K ya wakemia. Hiyo, Uvira, ni jambo la kufa na kupona.

Kwa Kiswahili madini hayo ni potasiamu, kwa Kifaransa na Kiingereza pia huanza na P, lakini katika jedwali la elementi alama yake ni K. Mwingereza Humphry Davy aliyatenga mwaka 1807 kutoka katika magadi ya majivu. Wajerumani na Waswidi wakaamua kuyaita kalium, jina walilolichota katika Kiarabu, ambako qali ni majivu ya mimea. Herufi ya Kiarabu pale mwanzoni ni qaf, ileile ya qalam na qahwa, ambazo Kiswahili kilizivua qaf kikazivisha K ya kalamu na kahawa. Kwa hiyo mwanakemia wa Stockholm na Mswahili wa Lamu walifanya uamuzi uleule, kila mmoja peke yake.

Mwili wa binadamu huitumia K hiyo ndani ya kila chembe hai. Misuli, na moyo ukiwa mmojawapo, haiwezi kujikaza na kujilegeza bila hiyo. Kipindupindu huitoa mwilini kwa kasi ya kutisha. Mgonjwa anaharisha maji, na maji hayo hayatoki peke yake, yanaondoka na chumvi na potasiamu, hadi miguu inakakamaa na moyo unapoteza mwendo. Na kipindupindu ndiyo kero ya kudumu ya Uvira. Mji uko kati ya milima na ziwa, mito inashuka kwa ghadhabu, kama Aprili 2020, mafuriko yalipoua watu kadhaa na kubomoa maelfu ya nyumba, na maji ya bomba ya shirika la maji, REGIDESO, kwa miaka mingi yamekuwa yakikatika mara kwa mara. Bomba likikauka, ndoo zinakwenda ziwani.

Watafiti wa chuo cha tiba cha London, wakishirikiana na Wakongo, walipima jambo hilo. Walichukua takwimu za uzalishaji wa maji za mwaka 2009 hadi 2014 wakazilinganisha na wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kipindupindu cha Uvira. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLoS Medicine: baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa katika siku 12 zilizofuata walikuwa zaidi ya maradufu wakilinganishwa na siku ambazo maji yalitoka vizuri, na karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusishwa na kukatika huko.

Anayefika kituoni akiwa bado anaweza kunywa hupewa maji ya SRO, yaani ya chumvi za kurudisha maji mwilini. Pakiti moja ya unga, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, ina gramu 20.5 za kuchanganywa na lita moja ya maji safi: glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida 2.6, sitreti 2.9, na kloridi ya potasiamu 1.5. Ndani ya hiyo gramu moja na nusu ndimo ilimo K. Aliyezidiwa hadi hawezi kumeza hutundikiwa serumu, nayo ina potasiamu yake.

Tatizo huja usiku, nyumbani, pakiti isipokuwapo na kituo kikiwa mbali. Akina mama wengi wanajua kutengeneza maji ya sukari na chumvi: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mchanganyiko huo unaokoa maisha njiani kuelekea kituoni, lakini hauna K hata chembe. Ndiyo maana wahudumu wa afya hushauri mgonjwa apewe pamoja nao maji ya machungwa au ndizi mbivu iliyopondwa, kidogo kidogo, huku safari ya kituoni ikiendelea kupangwa.